Mguu wa Munira, Kimo cha Sadallah

Misheni ya Kilawa,
Njombe.
21 Machi 1994

Mdogo wangu Sadallah,

Ukimsomea mama barua hii, anza kumwambia nimefika mzima, nimekula, na blanketi nimepewa mbili. Akishatulia ndipo uendelee, maana nina mengi.

Huku baridi inaingia mpaka kwenye meno. Asubuhi ukifungua mdomo unatoka moshi kama jiko la muuza mahindi. Lakini mie hata baridi siioni kwa furaha niliyonayo.

Jana Daktari Revelian amenipima. Si unamkumbuka, yule Mhaya aliyekuja kufanya kliniki Temeke mwaka jana, akaniona natembea uani akasema, "Binti, huo mguu unatengenezeka"? Mama akadhani anatutania. Kumbe hakutania. Kazi hii kaisomea Urusi, huko huko Siberia ilikovumbuliwa, na vyuma vyenyewe wafadhili wa misheni wamemletea. Amenichorea kila kitu kwenye karatasi. Mguu wangu wa kushoto umepungukiwa na sentimita sita, na chini ya goti umepinda, kwa sababu ule usaha ulioingia kwenye mfupa nilipokuwa na miaka sita uliua mahali panapokua.

Sasa hapa usimruke mama, msomee kama ilivyo: watakata mfupa. Watakata kwa ustadi, kisha watauzungushia mguu pete za chuma, na nyaya ngumu kama spoku za baiskeli zitapita kwenye mfupa kutoka upande huu hadi ule. Pete zimeungwa kwa vyuma vyenye nati. Kila siku nati zinazungushwa kidogo, vipande viwili vya mfupa vinaachana kidogo, na pale katikati panaota mfupa mpya.

Nikamuuliza, "Huo mfupa mpya utatoka wapi, daktari?"

Akacheka. "Kwako mwenyewe. Mwili ukivunjika unahangaika kuunga. Sisi kila ukikaribia kuunga tunauvuta kidogo. Unaongeza. Unaunga tena, tunauvuta tena."

Sadallah, nilitoka pale nikashindwa kukaa. Nimezunguka ua mzima wa hospitali kwa mguu wangu huu huu mbovu. Mtaa mzima wananiita Munira Bembea kwa ninavyoyumba nikitembea. Waambie wazoee jina lingine.

Naingia chumba cha upasuaji wiki ijayo. Mniombee dua.

Dada yako,
Munira


Tandika,
Dar es Salaam.
2 Aprili 1994

Dada Munira,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu: ya kwanza kwa mama, ya pili kwa majirani waliojaa uani, ya tatu peke yangu nyuma ya meza yangu ya viatu sokoni. Nilipofika kwenye "watakata mfupa" mama kashika kichwa, kasema, "Ya Rabi, mwanangu wanampasua kama kuni!" Halafu nikamsomea ile ya mfupa kuota, akasema, "Mungu ndiye anayeotesha, hata mhogo unaukata unaota." Tangu siku hiyo anawaelezea watu kama yeye ndiye daktari.

Jamani, sista, hii ishu ni kweli? Mfupa unavutwa kama manda ya sambusa? Mie sijalala vizuri.

Habari za huku: biashara ya mitumba ipo ipo. Timu ndiyo moto. Nyota ya Tandika tumewafunga Mtoni bao moja bila, na mdogo wako wa kiume hapa nimedaka mpira mpaka watoto wakaingia uwanjani kunibeba. Halafu kocha Mashaka akaja kuniharibia siku. Kaniwekea mkono begani, kasema, "Sadallah, mikono unayo, roho unayo. Goli ndilo limekuzidi. Ungeongezeka kidogo tu, mie mwenyewe ningekupeleka kwenye timu kubwa." Ungeongezeka! Na umri huu niongezeke kwa pampu?

Mama anauliza: inauma? Ujibu vizuri, kwa sababu nitamsomea mbele ya watu na yeye hunitazama usoni.

Mdogo wako,
Sadallah (Kipa Namba Moja)


Kilawa,
16 Aprili 1994

Mdogo wangu Sadallah,

Tayari! Nina pete nne za chuma mguuni, zinang'aa kama rimu. Wagonjwa wanakuja kunitazama, nami nawatoza salamu.

Mama anauliza kama inauma. Mwambie ni kama kung'atwa na siafu, basi. Siafu wawili watatu, na dawa zipo. Nalala vizuri, nakula vizuri. Ugali wa huku mweupe kama theluji.

Nati wanazungusha asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala, kidogo kidogo. Kwa siku nzima mfupa unaongezeka unene wa ukucha tu. Lakini juzi daktari kanipiga picha ya eksirei akaniita niione. Sadallah, nimeona uwazi! Mfupa juu, mfupa chini, na katikati uwazi mweusi wenye ukungu mwembamba ndani yake. Daktari akaugusa ule ukungu kwa kalamu. "Huo ndio mfupa wako mpya. Bado maziwa, utakuwa jibini, kisha utakuwa jiwe." Nimelia pale pale mbele ya watu.

Na wanatutembeza! Tena ni lazima. Muuguzi wetu, Jovina, hataki mtu alale na chuma kitandani. Unakanyaga kwa magongo, taratibu, mfupa ujue una kazi.

Sipo peke yangu. Wodi ya wanaume kuna kijana wa Ludewa, anaitwa Nikodemu, kimo chake ni kama chako au pungufu. Yeye wanamvuta miguu yote miwili. Akimaliza atakuwa ameongezeka sentimita nane! Tunamcheka, tunamwambia mama yake ataomba barua ya utambulisho.

Msalimie mama, mbusu mikono.

Dada yako,
Munira


Tandika,
30 Aprili 1994

Dada!

Shikamoo. Leo sianzi na salamu ndefu, nitapasuka.

SENTIMITA NANE? Miguu yote miwili? Mtu wa kimo changu?

Hivi unajua umeandika nini? Hiyo sehemu ya Nikodemu mama sikumsomea, niliimeza kama ndizi. Nikaenda kwa fundi seremala jirani, nikamwambia anipime kwa futi yake. Futi tano na inchi nne. Tukaongeza sentimita nane ukutani, tukapiga alama ya chaki. Nikasimama pale chini ya alama naitazama kama mtu anayetazama nyumba atakayohamia.

Dada, nisikilize. Kocha Mashaka kasema mwezi wa saba kuna majaribio ya timu kubwa. Najua sitawahi hayo. Lakini mwakani? Mie nikiwa na hizo nane, krosi zote zangu, kona zangu, mtambaa panya wa goli nitaushika nikiwa nimesimama. Na wewe mwenyewe umesema ni siafu tu! Siafu mie nimeng'atwa nao tangu utoto, hawajawahi kunizuia kula.

Ongea na daktari. Mwambie una mdogo wako, kijana, ana afya, havuti sigara, damu ipo tele. Mwambie hata sita zinatosha. Kama hataki nane, sita.

Mama hajambo. Ananiuliza mbona natabasamu na ukuta.

Sadallah


Kilawa,
17 Mei 1994

Mdogo wangu,

Daktari kasafiri. Sijui atarudi lini. Akirudi ana watu wengi. Ishu yako hiyo usiiwaze sana.

Mie sijambo, nina mafua kidogo ya baridi. Idi Kubwa njema kwenu nyote. Mwambie mama asitume chochote.

Munira


Tandika,
1 Juni 1994

Mwanangu Munira,

Hii ni sauti ya mama yako, mkono ni wa Herieth, binti wa nyumba ya pili, yule anayesoma sekondari. Nimemwambia aandike kila ninachosema, hata nikikohoa.

Sadallah ameondoka. Aliniambia wanakwenda kucheza mpira Morogoro. Nikamfungia na maandazi. Jana kocha Mashaka kapita hapa kumuulizia. Nikamwambia, "Si mko Morogoro?" Akasema, "Morogoro ipi, Bi. Tabu?" Viatu vyake vya biashara kamwachia fundi seremala. Na alipokuwa anamuaga fundi kasema, "Mkiniona tena hamtanijua."

Mwanangu, kijana anayesema hivyo anakwenda wapi? Mie nimewaza meli, nimewaza Afrika Kusini, nimewaza mwisho wa kuwaza. Fundi ndiye kanionyesha alama ya chaki ukutani, kanieleza. Nimecheka, kisha nikalia. Kama yuko kwako niambie upesi. Mpe barua dereva wa basi, posta itachelewa.

Na jambo la pili. Mie sijui kusoma, lakini nawajua wanangu. Barua yako ya mwisho Sadallah kaisoma akamaliza kabla sijakaa vizuri. Nikamwambia, "Endelea." Akasema, "Imekwisha." Munira hana barua fupi. Leo nimempa Herieth aitazame, kasema mwandiko wenyewe umelala kama mgonjwa. Mafua hayalazi mwandiko. Niambie ukweli. Nimekuzaa, nimekuuguza mguu huo huo ukiwa na usaha; hakuna utakaloniambia nisilolijua harufu yake.

(Hapa mama amekohoa. Mimi Herieth nakusalimu, dada.)

Mama yako,
Tabu


Kilawa,
9 Juni 1994

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sadallah yupo hapa, mzima, amekaa kwenye benchi la nje amevaa sweta la padri. Pumua, kisha Herieth aendelee.

Nimekuficha, mama. Inauma. Siafu ni uongo nilioutunga ili usilie mbele ya majirani. Nati zenyewe si kitu. Ni nyama na mishipa inayovutwa kufuata mfupa, usiku mguu mzima unawaka, na goti linakataa kunyooka. Na katikati ya mwezi wa tano spoku moja ilishika uchafu, nikapata homa kali. Ile barua fupi nimeiandika nikitetemeka. Daktari alinipa sindano, akapunguza mwendo wa kuvuta, na homa imekwisha. Huo ndio ukweli wote, na sasa nipo salama.

Sadallah alifika asubuhi wakati Jovina ananisafisha matundu ya spoku. Siku hiyo lile tundu baya lilikuwa linakamuliwa, nami nilikuwa napiga kelele bila haya. Yeye kasimama mlangoni na begi lake, anauliza, "Nani anapigwa humu?" Akaniona. Akaziona spoku zinavyoingia upande huu na kutokea upande wa pili. Mama, kipa namba moja wa Tandika alianguka chini kama gunia la mkaa. Jovina akaniacha mie akaenda kumhudumia yeye.

Alipozinduka hakusema kitu cha siafu. Alikaa kitandani kwangu akanishika kidole gumba cha mguu.

Hata hivyo alikwenda kwa daktari. Si unamjua. Nilikuwapo, nilimsikia.

"Daktari, mie nataka nane."

Daktari hakumcheka. Kamtoa nje, kampaka chaki kwenye vidole, kamwambia, "Ruka, uguse ukuta juu kadiri unavyoweza." Mwanao akaruka. Daktari akatazama ile alama, akaenda kuchukua kiti, akapanda juu yake, na bado hakuifikia. Akashuka taratibu.

"Kijana, unacheza nini?"

"Golikipa."

"Basi sikiliza. Nikikuvuta nane, utakuwa mrefu. Huo ni ukweli. Utakaa na vyuma mwaka mzima au zaidi. Msuli utakaokuwa nao baada ya hapo utakubeba kwenda sokoni na kurudi. Huu wa leo," akamgusa shavu la mguu, "sijui kuurudisha. Hata kule nilikosomea hawakunifundisha. Wewe unataka nikuongeze kimo nikupunguzie mruko. Umri wako mdogo, mifupa imenyooka, huumwi. Nenda kadake mpira."

Sadallah kang'ang'ania, "Mbona Nikodemu unamvuta?"

Nikodemu mwenyewe alikuwa pale kwenye kiti chake cha magurudumu, akajibu. "Kaka, mimi nilikuwa na matege mpaka magoti hayajawahi kuonana. Nimekwenda shule mgongoni kwa baba. Ningekuwa na miguu yako hiyo mifupi, ningekuwa nimeshafika Tandika kwa kukimbia."

Sadallah akaitazama miguu yake. Nikadhani yamekwisha. Kumbe yangu ndiyo yalikuwa yanaanza.

Kuna jambo sijamwambia mtu wa nyumbani, mama. Ile homa ilinivunja. Nilikuwa nimefika sentimita nne, nikamwomba daktari aishie hapo. Nikamwambia nne zinatosha, mbili zilizobaki nitavumilia, nitaweka soli kwenye kiatu kama zamani. Akasema mguu ni wangu, atanipa siku chache niwaze, kisha atafunga nati. Sasa Jovina kaja jioni, kasema mbele ya Sadallah, "Munira, keshokutwa ndiyo siku ya kuamua, bado unataka kuishia nne?"

Sadallah kanitazama. Kasimama. Mama, sijawahi kumwona mwanao amekasirika vile.

"Sista, mie nimekaa kwenye basi kutwa nzima kuja kuomba nane, nimenyimwa hata moja. Wewe umepewa sita, unatupa mbili?"

Nikamwambia, "Huujui huu uchungu."

Akasema, "Siujui. Nimeuona mara moja nikaanguka. Wewe umeukaa miezi, na ukanitungia hadithi ya siafu juu yake. Mtu wa hivyo haishii nne!"

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Bibi mmoja wa kitanda cha dirishani akapiga kigelegele. Nikacheka, nikalia, na katika kulia kule nikasema haya, tuendelee.

Basi tumeendelea, mama. Spana sasa anashika Sadallah, Jovina kamfundisha. Akizungusha hufumba jicho moja kana kwamba inamuuma yeye. Akimaliza anapiga makofi, "Goli!" na wagonjwa wanaitikia. Ananitembeza korido akinipigia kelele kama kocha Mashaka. Mguu bado unauma vile vile. Ila sasa nina mtu wa kugombana naye.

Nikimaliza kuvutwa atarudi. Usimchape sana.

Mwanao,
Munira


Tandika,
10 Julai 1994

Dada Munira, mwanamke wa sentimita sita,

Shikamoo. Nimefika, mama kanichapa kwa ufagio mbele ya Herieth, kisha kanipakulia wali wa nazi. Adabu imerudi.

Dada, kaa chini. Unajua kuna Kombe la Dunia? Juzi juzi nimekwenda kibanda cha video, Mexico wanacheza na Italia. Nikamwona kipa wa Mexico. Dada! Mfupi! Mfupi kama mie! Kavaa jezi ya rangi zote, kama kanga zimegombana. Na hakai golini, anatoka, anasoma mpira kabla haujapigwa, wenzie wanasubiri krosi ifike, yeye keshaifuata njiani. Nikapiga ukelele, watu wakadhani goli limeingia. Nikamshika mwenye kibanda, "Yule ana futi ngapi?" Akasema, "Nitajuaje, mie nauza tiketi!"

Kesho yake alfajiri nipo uwanjani peke yangu. Nimeanza kujifunza kutoka. Nilikuwaga nasimama kwenye mstari nalia na mtambaa panya. Sasa naufuata mpira.

Majaribio ya timu kubwa nimekwenda. Nakwambia kweli, sikuchukuliwa. Yule mzee wa kamati hata glavu sijavaa kasema, "Huyu mdogo mno, mwingine." Zamani ningelia. Safari hii nikamwambia, "Shikamoo mzee, utanisikia," nikaenda kukaa na wenzangu. Kumbe pale nje alikuwapo mwalimu wa timu ya kiwanda kimoja cha Chang'ombe, kaja kutafuta mabaki. Kaniita, "Wewe unayejibu wazee, njoo nikupige mashuti." Kanipiga mpaka kachoka mguu. Ameniambia niende mazoezini Jumatatu! Kazi ya kupakia maboksi asubuhi, mpira jioni!

Ile alama ya chaki kwa fundi nimeifuta. Fundi kaniuliza mbona. Nikamwambia nimehama kabla sijahamia.

Mama kasema: mguu umeacha kuwaka usiku? Jibu kweli. Sasa anasoma Herieth, na Herieth haruki hata nukta.

Sadallah


Kilawa,
22 Novemba 1994

Mama, Sadallah, na Herieth msomaji wetu,

Vyuma vimetoka!

Sita kamili, na mfupa umenyooka. Tangu mwezi wa saba kazi ilikuwa kungoja ukungu uwe jiwe, nami nimengoja mpaka nimejua kufuma masweta. Jana daktari kanionyesha eksirei: mfupa mweupe, mzima, huwezi kujua walikata wapi. Akakata spoku moja moja kwa koleo, akazivuta. Nilipiga kelele, sitawadanganya tena. Kisha nikautazama mguu. Mwembamba kama mwiko, una makovu kila mahali, nywele zimeota kama za mwanamume. Mzuri huo!

Leo wameniambia nisimame. Nikasimama. Nikadhani sakafu imepanda upande wa kushoto. Nilinyoosha kiuno kujiandaa kuinama kama siku zote, na pa kuinamia hapakuwapo. Nikabaki nimesimama tu, wima, mabega yote sawasawa, Jovina kanishika mkono anasema, "Munira, wewe mrefu!" Na kweli namtazama usoni, zamani nilikuwa namtazama kidevu.

Nikatembea. Mnajua nini? Nikayumba! Miguu sawa, lakini mwili bado unayumba. Nikaingiwa na hofu, nikamwita daktari.

Akasema, "Mguu umepona, ila kiuno chako hakijapata habari. Kipelekee habari kila siku, taratibu."

Basi kutwa nzima nazunguka ua nakipelekea habari. Nikodemu naye kavuliwa vyuma vya mguu mmoja, anashindana nami kwa magongo, na ananishinda, mshenzi yule.

Narudi mwezi ujao. Msije stendi na ngoma. Nataka kuja mwenyewe.

Munira


Tandika,
19 Desemba 1994

Mdogo wangu Sadallah,

Barua hii nampa mwenzenu wa timu ya kiwanda anayewafuata huko Tanga kesho, akupe kabla ya mechi. Najua timu haikukupa ruhusa ya kuja kunipokea, nawe umenuna. Acha kununa, nikusimulie ulivyokosa.

Nilishuka stendi ya Kisutu jana mchana, nikapanda gari la Tandika, nikashuka sokoni nikiwa na gongo moja tu mkononi kwa tahadhari. Nimevaa baibui lile la kijani. Nikapita katikati ya soko. Nikapita mbele ya wale vijana wa kona, wale waliokuwaga wakiniona wanaanza, "Bembea, bembea." Nikajikaza. Wakanitazama. Mmoja akasema, "Sista, karibu, unatafuta nyumba ya nani?" Sadallah, hawakunijua! Nikasema, "Naitafuta ya Bi. Tabu." Wakanionyesha njia ya nyumbani kwetu! Nikawashukuru kwa heshima zote, nikaenda, nacheka ndani ya mtandio mpaka machozi.

Nikafika. Mlango wazi. Nikaingia ukumbini. Mama alikuwa uani amenipa mgongo, kainamia chungu cha wali. Nikatembea kuelekea kwake, polepole, sawasawa, kama daktari alivyonifundisha: kisigino, unyayo, kisigino, unyayo. Nikangoja aseme, "Munira, umerudi?" Maana siku zote, hata nikitoka chooni, mama hajawahi kugeuka kunitazama. Anasikia hatua moja nzito moja nyepesi, anajua ni mie.

Hakugeuka. Kasema, "Karibu, mgeni. Kaa hapo kwenye mkeka, nakuja. Wanangu wote wapo safarini."

Nilisimama pale nimeziba mdomo.

Akasema tena, "Nani?"

Nikasema, "Mama."

Sadallah, mwiko ulianguka. Kageuka, kanitazama kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, na alipofika usoni ilimbidi anyanyue kichwa kidogo. Hakunikumbatia. Hakulia. Nilidhani atalia. Kaja mpaka karibu, kanishika mabega yote mawili kwa viganja, kama anayepima kama rafu ya vyombo imekaa sawa, kisha karudi nyuma hatua mbili.

"Tembea," akasema.

Nikatembea mpaka ukutani nikarudi. Kiuno kiliyumba kidogo mwishoni, nikakirekebisha.

"Tena."

Nikatembea tena. Safari hii akafumba macho. Kasimama katikati ya ua, mikono ina machicha ya nazi, macho kayafumba, kichwa kakiinamisha upande kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Sikukusikia unaingia," akasema. "Nilisikia mtu mwingine. Tembea mwanangu, nikuzoee."

Nikatembea. Nikaweka gongo pembeni nikatembea. Nikazunguka kisima, nikazunguka kamba ya nguo, nikapita nyuma yake nikatokea mbele, na yeye akigeuza kichwa kunifuata kwa masikio, tabasamu linampanda taratibu. Herieth kaja mlangoni kasimama. Majirani wakaanza kuchungulia, mama akawanyooshea kidole wanyamaze.

Nimetembea mpaka wali ukaungua.

Dada yako,
Munira